Tarehe 28 Agosti: Nani Hakuwemo Chumbani?

(Hotuba iliyotolewa Arusha, tarehe 28 Agosti, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na wapenzi wa historia)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama, akina baba, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma na masweta yenu: Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, habari za mchana.

Nimepewa dakika 40. Mwenyekiti ananifahamu vizuri, ndiyo maana ameweka saa mezani na kuigeuza initazame mimi.

Mada niliyopewa ni "Leo katika historia". Mnaijua kutoka redioni. Asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji anasoma mbio mbio: siku kama ya leo alizaliwa fulani, akafa fulani, meli ikazama, nchi ikapata uhuru, kisha wimbo. Sina ugomvi na watangazaji, wana sekunde zao za kujaza. Lakini matukio yakisomwa namna ile yanakuwa kama majina kwenye rejista ya darasa: linaitwa, linaitikia "nipo", linakaa. Hakuna anayeuliza lilikotoka wala nyumbani kwao wamekula nini.

Kwa hiyo leo nimechukua siku moja tu, hii hii ya leo, 28 Agosti, na nataka tuikalie. Kila tukio nitakalolitaja nitaliuliza swali moja. Siku ile saini ilipotiwa, au hukumu iliposomwa, au hotuba ilipotolewa, nani hakuwemo chumbani? Na ilimchukua muda gani kufikiwa na kilichoamuliwa humo?

Kwanza tuondoe ushirikina. Wapo wanaoona mambo makubwa matatu yameangukia tarehe moja wakaanza kutafuta mkono wa nyota na majini. Hesabu inatosha. Mwaka una siku 365, au 366, na binadamu wameandika mambo yao kwa maelfu ya miaka. Hakuna tarehe iliyobaki tupu. Chukueni watu 23 tu, wa kuokota pale Mnara wa Saa. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja unazidi nusu kidogo. Humu tuko wengi kuliko hao, mkiulizana wakati wa chai mtapatana. Wale mapacha wa mstari wa pili hawahesabiki.

Tena tarehe yenyewe ina ujanja wake. Vitabu vingi vinasema Shakespeare na Cervantes walikufa tarehe moja, 23 Aprili 1616. Mmoja alikuwa Uingereza na mwingine Hispania, na Uingereza wakati ule ilikuwa bado na kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 10. Hata kama tarehe ni moja, siku ni mbili tofauti. Na ndugu zetu Waislamu wanajua tangu utotoni kwamba Maulidi ya mwaka huu haikai pale ilipokaa ya mwaka jana, kwa kuwa mwaka wa Hijiria una siku 354 au 355. Laiti tungehesabu kwa mwezi mwandamo, orodha yangu yote ya leo ingesambaratika.

Kwa Wakatoliki, 28 Agosti haihitaji redio. Ni sikukuu ya Mtakatifu Augustino, na jana yake ilikuwa ya mama yake, Monika. Nendeni Kibosho au Rombo mhesabu akina Augustino. Alifariki 28 Agosti mwaka 430 katika mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba nchini Algeria, huku Wavandali wakiwa wameuzingira. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana waliomwona kwenye picha za ukutani wakadhani ni Mzungu wa Roma. Alizaliwa Afrika, akafia Afrika.

Sasa tuingie kwenye vyumba.

28 Agosti 1833, London. Mfalme William wa Nne anaidhinisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Watumwa wapatao 800,000, wengi wao wakiwa visiwa vya Karibi, Afrika Kusini na Mauritius. Vitabu vya shule vinatusimulia habari za William Wilberforce, na ni haki yake. Alifariki 29 Julai mwaka ule ule, siku tatu baada ya kuambiwa muswada umepita Bunge la Makabwela. Lakini mimi ningetaka jina la Samuel Sharpe litajwe kwa sauti ile ile. Huyu alikuwa mtumwa na mhubiri wa Kibatisti huko Jamaica. Krismasi ya 1831 aliongoza mgomo uliogeuka kuwa uasi wa maelfu ya watumwa, na Mei 1832 akanyongwa. Waliokaa kwenye chumba cha London walijua kwamba wasipoandika sheria, mashamba ya miwa yataendelea kuwaka moto.

Na waliandika nini? Watoto wa chini ya miaka 6 wawe huru mara moja sheria itakapoanza, tarehe 1 Agosti 1834. Wengine wote waendelee kufanya kazi kwa bwana yule yule kwa miaka kadhaa, wakiitwa wanagenzi. Mpango huo ulipingwa mpaka ukafutwa mapema, Agosti 1838. Fidia ilitengwa pauni milioni 20, kiasi cha asilimia 40 hivi ya bajeti ya serikali ya mwaka. Akina mama mnaotunza hesabu za vikoba, sikilizeni hapa: fidia ile ililipwa kwa wenye watumwa. Mtumwa hakupewa hata senti. Na deni lililotokana na fedha hizo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeko humu alikuwa tayari amezaliwa, au alikuwa njiani.

Sisi huku hatukuwemo chumbani kabisa. Sheria ile haikugusa pwani yetu. Misafara iliendelea kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na mingine ikipita karibu na mlima wetu kuelekea Pangani. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, miaka 40 baada ya saini ya London. Hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Tanganyika tukangoja mpaka 1922. Kwa hiyo mtoto akiandika kwenye mtihani kwamba Waingereza walikomesha utumwa 1833, mimi nampa alama nusu na kumuuliza: wapi?

Twende Marekani. Jumapili, 28 Agosti 1955, usiku wa manane, kijiji cha Money, jimbo la Mississippi. Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuja likizo kwa ndugu zake, anatolewa kitandani na wanaume wawili Wazungu, Roy Bryant na J. W. Milam. Kosa lake lilidaiwa ni utovu wa adabu kwa mke wa Bryant dukani. Maiti yake iliopolewa mtoni siku tatu baadaye, haitambuliki. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifunikwe. Alisema watu waone walichomfanyia mwanawe, na maelfu wakapita kumwaga machozi na kuona. Wazazi mliopo hapa mnajua jambo lile lilihitaji moyo wa namna gani.

Kesi ikasikilizwa Septemba. Walioamua walikuwa watu 12, wote wanaume, wote Wazungu. Mzee Mose Wright, aliyekuwa na kijana yule nyumbani kwake, alisimama kizimbani akawanyooshea kidole waliomchukua mjukuu wa ukoo wake, tendo ambalo Mississippi ya wakati ule lingeweza kumgharimu maisha. Wale 12 wakaingia chumbani kujadili, wakatoka baada ya saa moja na dakika chache: hawana hatia. Miezi minne baadaye wauaji wakauza simulizi yao kwa gazeti moja na kukiri kwamba ndio waliomuua. Sheria haikuruhusu washtakiwe tena kwa kosa lile lile.

Miaka minane kamili baadaye, Jumatano ya 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 wanasimama Washington mbele ya sanamu ya Abraham Lincoln. Tarehe haikupangwa kwa ajili ya Till. Lakini wengi waliokuwa pale walikuwa wa rika lake, wamekua na ile picha ya jeneza vichwani mwao. Maandamano yale jina lake kamili lilikuwa ya Ajira na Uhuru, na ajira ilitangulia. Mzee A. Philip Randolph ndiye aliyekuwa na wazo, tangu miaka ya 40. Bayard Rustin ndiye aliyepanga mabasi, maji, vyoo na vipaza sauti. Aliyewahi kuandaa hata harusi ya watu 300 hapa Arusha amvulie kofia.

Hotuba ya Martin Luther King mnaijua, wengine mmeikariri kwa mashindano ya shule. Msichokijua pengine ni kwamba sehemu ya ndoto haikuwemo kwenye karatasi aliyoishika. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, alimpigia kelele awaambie watu habari za ile ndoto, naye akaiacha karatasi. Na usiku wa kuamkia siku ile, huku kwetu Afrika, mjini Accra, alifariki W. E. B. Du Bois, msomi na mpigania haki za watu weusi, akiwa na miaka 95, raia wa Ghana. Umati wa Washington ulitangaziwa kifo chake ukasimama kimya.

Nani hakuwemo? Wanawake hawakuwemo kwenye orodha ya wahutubu wakuu. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee kwenye kamati ya maandalizi, alilalamika kwa maandishi. Kilichopatikana ni Daisy Bates kupewa maneno machache tu ya kusoma. Wanawake ndio waliokuwa wamejaza mabasi. Mamie Till ndiye aliyeifungua nchi macho. Kwenye meza ya kuamua nani aseme, hapana.

Na matokeo? Siku 18 baada ya hotuba, bomu likalipuliwa kanisani Birmingham, wasichana wanne wakafa. Novemba, Rais Kennedy akauawa. Sheria ya haki za kiraia ikapita Julai 1964, ya haki ya kupiga kura Agosti 1965. Mwaka 2008 Barack Obama akapokea uteuzi wa chama chake mjini Denver tarehe hiyo hiyo, 28 Agosti. Watu walilia wakasema ni majaliwa. Siku za mkutano ule zilikuwa zimepangwa mapema, kabla haijajulikana atakayeteuliwa ni nani. Tarehe ilikutwa pale, ikatumiwa vizuri. Mtoto wa Mjaluo, majirani zetu wa upande wa pili wa mpaka, hakuhitaji kusema mengi.

Sasa tarehe nyingine hazikutwi, zinachaguliwa. Nyie watu wa Arusha mnayo moja. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwisho wa Januari 1967 hapa hapa mjini, likatangazwa 5 Februari. Miaka 10 baadaye TANU na ASP zinaungana kuwa CCM, na siku inayochaguliwa ni ile ile, 5 Februari 1977. Hapo hakuna bahati. Hapo kuna watu wamekaa na kalenda mezani.

Nimefika kwetu, na hapa Mwenyekiti aniongezee dakika.

Jumatatu, 28 Agosti 2000. Waliokuwa watu wazima wanaikumbuka kwa foleni: barabara zimefungwa, askari kila kona, ndege za wakubwa zinashuka KIA. Rais Clinton wa Marekani anatoka Abuja, anapita Arusha kabla ya kwenda Cairo. Rais Mkapa ndiye mwenyeji. Mzee Mandela ndiye msuluhishi. Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi unatiwa saini.

Vijana, mnapita AICC kila siku kwenye daladala mkiangalia simu. Jengo lile lenye mabawa yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, jengo likabaki bila mwenyewe, ndipo likafanywa kituo cha mikutano. Nyumba iliyojengwa kwa undugu ulioshindikana ikaja kuwa mahali pa kupatanisha wengine. Mkataba wa Rwanda wa 4 Agosti 1993 ulitiwa saini mji huu huu, na sote tunajua kilichotokea Aprili iliyofuata: mauaji ya kimbari. Kwa hiyo wajumbe wa Burundi walipokuja Arusha, kila mmoja alijua kwamba karatasi ya Arusha inaweza isimwokoe mtu.

Vita vyao vilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, kuuawa na wanajeshi Oktoba 1993. Inakadiriwa watu 300,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Kigoma ilijaa wakimbizi. Mwalimu Nyerere akapewa usuluhishi. Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, nchi za eneo hili zikaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, ambavyo viliondolewa Januari 1999. Mazungumzo yalianza hapa Juni 1998. Mwalimu aliyaendesha kwa mtindo wake: kamati, subira, mjadala mrefu kuhusu mzizi wa tatizo. Mimi nilifundisha zama zake na nawaambia, mtu yule hakuogopa kikao kirefu. Alifariki 14 Oktoba 1999 kazi haijaisha. Kwa wapenzi wa tarehe: 14 Oktoba ndiyo siku King alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 1964.

Mandela alipokabidhiwa Desemba mwaka ule alibadili mwendo. Aliwakemea viongozi wa Burundi hadharani, macho kwa macho, kwa namna ambayo wanadiplomasia hawakuizoea. Juni 2000 akaenda Bujumbura akaingia gereza la Mpimba kujionea wafungwa wanavyoishi. Ukiwa umefungwa miaka 27 una ruhusa ya kukagua gereza la mtu.

Turudi kwenye swali letu. Mezani palikuwa na pande 19: serikali, bunge na vyama vya siasa. Nani hakuwemo? Wenye bunduki. CNDD-FDD na FNL, makundi yaliyokuwa yakipigana msituni, hayakuwa sehemu ya mkataba. Hata waliokuwemo hawakusaini wote siku ile; baadhi ya vyama vya Watutsi vilisita mbele ya wageni wote wale, vikaja kusaini wiki kadhaa baadaye. Clinton akaruka zake, foleni ikaisha, na vita vikaendelea. Nakumbuka mjini watu wakicheka: wamekula, wameondoka.

Mimi nadhani tulicheka mapema. Serikali ya mpito ilianza Novemba 2001. CNDD-FDD walisaini kusitisha vita Dar es Salaam Novemba 2003. FNL Septemba 2006, na hata baada ya hapo ikachukua muda mpaka 2009 kundi likawa chama. Lakini angalieni walichoingia ndani yake: jeshi ambalo hakuna kabila linaloruhusiwa kuzidi asilimia 50, kanuni iliyoandikwa Arusha na watu ambao waasi hawakuwatambua. Katiba ya 2005 ikaweka asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi bungeni na serikalini, na viti vya Watwa, ambao kila mtu alikuwa amewasahau. CNDD-FDD, ambao hawakusaini, ndio walioshinda uchaguzi wa 2005 chini ya kanuni hizo.

Na wanawake? Julai 2000, mwezi mmoja kabla ya saini, wanawake wa Burundi wa pande zote walikutana hapa Arusha. Mapendekezo yao mengi yaliingia kwenye mkataba. La asilimia 30 ya viti wanaume wakalikataa. Likaja kuingia kwenye katiba ya 2005.

Sisemi mkataba ulikuwa dawa. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza aligombea muhula wa tatu, wapinzani wakainua karatasi ya Arusha iliyosema vipindi viwili, yeye akahesabu kwa namna yake, na Mei ile wakimbizi wa Burundi maelfu kwa maelfu wakarundikana kwenye kijiji kidogo cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ilikwenda kuwabeba hadi Kigoma safari baada ya safari. Hilo nalo ni sehemu ya habari ya 28 Agosti, ingawa lilitokea Mei, miaka 15 baadaye.

Mwenyekiti ameanza kugonga kalamu, kwa hiyo nimalizie na ombi. Wakubwa waliosaini wana picha zao na vitabu vyao. Lakini mazungumzo yale yaliendeshwa tangu 1998 mpaka 2000, na kuna madereva, wapishi, wahudumu wa hoteli, wakalimani na wapiga chapa wa mji huu waliowaona wale wajumbe asubuhi kabla hawajavaa tai. Walijua nani hasalimiani na nani, nani amehamia meza ya nani. Wengine wako Njiro, wengine Kaloleni, wengine Sakina, wanazeeka. Vijana mna simu zenye kinasa sauti. Anayemjua mmoja wao, hata kama ni bibi yake, aandike jina la mhusika, kwa ridhaa yake, kwenye daftari lililoko mlangoni, na tutapanga nani aende kumsikiliza.

Asanteni. Karibuni maswali, naona kijana mmoja wa sweta la kijani amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Buyoya.